Hongwe wa Siku za Eda

Mwezi uliopita tulimzika Bi Mwanaidi. Habari zilinifikia Tanga mjini asubuhi, nikapanda gari la kwenda kusini, nikashuka njia panda ya Tongoni na kutembea kipande kilichobaki, nikafika jeneza likiwa tayari limeinuliwa. Baada ya maziko nilitaka kukaa nyuma pamoja na majirani. Athumani, shemeji wa marehemu, ambaye siku hizi magoti yamemchosha na hukalia kiti watu wengine wakikaa mkekani, aliniona na kunyoosha mkono. "Karani, njoo huku," akasema, akaniketisha upande wa wafiwa. Mtu mmoja aliyekuwa karibu aliuliza kwa sauti ya chini mimi ni nani katika ukoo ule. Athumani akamjibu, "Huyu alipanga kwetu." Lilikuwa jibu la kweli, maana nililala katika nyumba ile miezi kumi na mmoja tu, katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka ishirini. Baadaye nilifanya kazi ya magazeti karibu maisha yangu yote. Nimeandika mafuriko, kesi, migomo na mazishi ya wakubwa. Mambo ya mwaka ule sikuwahi kuyaandika, na sababu yake niliijua vizuri. Sasa aliyekuwa na haki ya kuumizwa nayo hayupo tena.

Nilikuwa karani wa ghala la mbata. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya mizani tangu asubuhi hadi alasiri, nikiandika uzito wa magunia ya nazi iliyokaushwa, na harufu yake ilikaa kwenye shati hata baada ya kufuliwa. Mimi ni mtu wa milimani, wa vijiji vya chini ya Amani, Mlutheri, na kabla ya mwaka ule sikuwa nimewahi kulala mahali ambapo bahari inasikika. Mzee Kombo, mvuvi, alinipa chumba cha mbele katika nyumba yake ya udongo na makuti. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku lililogeuzwa kuwa meza, na mlango wake mwenyewe uliotokea barazani. Kuta za vyumba hazikufika juu. Zilikomea kimo cha mtu na nusu, na juu yake palikuwa na nafasi wazi iliyoungana nyumba nzima chini ya paa, kwa hiyo maneno yaliyosemwa chumba cha mwisho yalipita juu na kunishukia kitandani kama yamesemwa kando yangu. Sikusikiliza kwa makusudi, angalau mwanzoni. Lakini nilikuwa na daftari, na nilikuwa mtu wa kuandika kila nilichosikia, tangu bei ya nazi hadi ugomvi wa kuku, nikiamini kwamba anayeandika kila kitu hatadanganyika.

Jioni tulikula ukumbini, Mzee Kombo na mimi kwenye sahani moja. Mara nyingi ilikuwa bada, ugali wa muhogo wa watu wa Tanga, na mchuzi wa hongwe uliotiwa nazi na embe mbichi. Hongwe ni samaki wa masharubu, ngozi tupu bila magamba, anayekaa kwenye tope la mikokoni. Wavuvi wengine walimdharau. Mzee Kombo hakutaka mwingine. Hongwe ana miba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na akikuchoma mkono huvimba hadi kiwiko. Mzee Kombo alikuwa na rungu dogo la mkoko, na hakumwingiza hongwe mashuani kabla ya kumvunja miba yote mitatu.

"Karani," alikuwa akiniuliza huku akinisogezea nyama ya shavu, "kwenu milimani mnakula samaki gani?"

"Tunakula maharage, Mzee."

"Ndiyo maana unakula haraka. Maharage hayana miba."

Na mkewe, Bi Mwanaidi, kutoka jikoni, "Mwache mtoto wa watu ashibe, Kombo. Wewe mwenyewe mwaka jana mwiba ulikukaa kooni siku mbili."

"Ulikuwa mwiba wa changu! Hongwe hawezi kunifanyia hivyo. Tunajuana."

Mara nne alinichukua mashuani siku za Jumapili nisipokwenda kanisani. Nilikaa mbele na kutoa maji kwa kata ya kifuu. Nilimtazama akifanya kila kitu, nikarudi na kuandika kila kitu, nikadhani nimejifunza.

Mvua za masika zilipokaribia kwisha alianza kukohoa, na siku ya kumi na moja alifariki. Nilikuwa mizanini walipokuja kuniita. Baada ya maziko Bi Mwanaidi aliingia eda. Kwa wasioijua, mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki nje ya nyumba yake na ua wake, hajipambi, hazungumzi na mwanamume asiye maharimu yake, yaani ndugu asiyeweza kumwoa. Dada yake mkubwa, Bi Saumu, alihamia kumtunza. Wazee walikaa barazani kunijadili mimi niliyekuwa ndani nawasikia. Mmoja alisema si vema mpangaji mwanamume abaki. Bi Saumu akawajibu akiwa nyuma ya mlango, "Mlango wake unatokea nje. Tutatundika mkeka hapa ukumbini. Mkimwondoa, nani kati yenu atatuchotea maji ya kisima alfajiri?" Hakuna aliyejitolea, nikabaki. Mkeka ukatundikwa. Chakula changu kikawa kinawekwa kizingitini, na sauti ya Bi Mwanaidi, ambayo zamani ilikuwa inafika hadi njiani, niliisikia tu ikipita juu ya ukuta, ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Mashua ilibaki bandani mwake. Ilikuwa ndogo, ya mtu mmoja au wawili, na banda lilikuwa mwisho kabisa wa ua, mahali ambapo mkono wa bahari unaingia mikokoni na maji yakijaa hufika hatua chache tu kutoka kwenye uzio wa makuti. Wiki ya tatu ya eda Athumani alikuja kuiomba. Alikuwa ndugu mdogo wa marehemu, mtu mrefu, mwenye sauti ya kujibizana na upepo, na mtumbwi wake ulikuwa mzito na mkuukuu.

"Shemeji Saumu, chombo kinakauka bandani. Nipe nikitumie, mradi kisife."

"Mirathi haijagawanywa, Athumani."

"Sijasema nakichukua. Nasema nakitumia."

"Marehemu ana binti wawili, wameolewa Moa. Eda iishe, watoto waje, Maalim agawe. Hapo hata ukipewa msumari ni wako."

"Miezi minne! Mbao zitakuwa kuni."

"Basi zitakuwa kuni za mirathi."

Athumani alicheka ingawa hakutaka. "Wewe Saumu, ulimi wako ungekuwa kasia tungeshafika Pemba." Akaondoka. Baadaye kidogo nilimsikia Bi Mwanaidi akimwambia dada yake, "Atakuja siku nisiyomsikia. Mimi nimefungiwa humu. Nitamzuia na nini?" Bi Saumu alimwambia alale. Niliyaandika maneno hayo kama yalivyo. Ninayo hadi leo, kwa mwandiko wangu wa zamani ulioinamia kulia, na kila nikiyatazama nashangaa jinsi mtu anavyoweza kuandika jambo sawasawa bila kulielewa.

Mwezi wa tatu ulipoingia, maneno ya upande wa pili wa mkeka yakawa ya chakula tu. "Umekula?" "Nimekula." "Hujala, Mwanaidi. Wali uko vilevile, nimeuweka mwenyewe." Siku moja Bi Mwanaidi akasema, "Kila kitu kina ladha ya majivu. Labda ningepata hongwe wa kule kwenye kina." Bi Saumu akamwuliza nani atamtoa, na wavuvi wanaleta changu na tasi, hongwe wakimpata wanamtupa. Halafu nikasikia kilio ambacho hakikuwa cha matanga, cha mtu aliyekuwa anajaribu kukimeza. Usiku ule niliamua. Nilijiambia kwamba Athumani alinyimwa mashua kwa sababu yeye ni ndugu na angeweza kuing'ang'ania, lakini mimi si ndugu wa mtu, nitaitoa asubuhi na kuirudisha mchana, na hongwe atakuwa kizingitini kabla hawajajua ametoka wapi. Sikumwuliza mtu. Nilikuwa naandaa zawadi, na niliona zawadi haiombewi ruhusa.

Jumamosi jioni niliingia bandani na daftari langu. Niliandika kila kitu katika mstari wake. Makasia mawili, yapo. Vishwara viwili, yaani vile vitanzi vya kamba vinavyolishika kasia ubavuni mwa mashua, vipo. Nanga ya jiwe na kamba yake, ipo. Mshipi wa kuvulia, ndoana tano, chubwi tatu za kuuzamisha, vipo, ndoana mbili zina kutu. Kata ya kutolea maji haikuwepo. Nikaandika kwamba nitachukua kopo. Kisha nilipita mkono chini, nikagusa ufa karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini wa mashua. Pamba iliyokuwa imesindiliwa kati ya mbao mbili ilikuwa imetoka, urefu wa shubiri moja. Mvuvi angesimama hapo na kujiuliza pamba imekwenda wapi, kwa sababu haikuwa imeanguka chini. Mimi nilikwenda ghalani nikachukua katani, nikaisokota, nikaisindilia ufani kwa bisibisi, na juu yake nikapaka sabuni ya mche hadi ikawa laini. Nilipendezwa sana na kazi yangu. Nikaandika: ufa, umezibwa.

Alfajiri nilimwambia Bi Saumu kwamba nakwenda Tanga kanisani. Nilichota maji, nikajaza mtungi, nikazunguka nyuma. Maji yalikuwa yamejaa na mashua iliteleza kirahisi. Asubuhi ilikuwa ya mawingu, mikoko imesimama na mizizi yake ndani ya maji ya rangi ya chai, na mimi nikipiga makasia kwa kufuata nilichokikumbuka. Nilifika kwenye kina, kona ambapo mkono wa bahari unapanuka kabla ya kutoka nje, nikatupa nanga na kushusha mshipi.

Ndoana ya kwanza ilikatika kwa kutu. Ya pili ilinasa kwenye mzizi na mshipi ukakatika palipokuwa pameoza. Hayo sikuyajali, vyombo vilikuwa vya mtu mzee. Nilifunga ndoana ya tatu, na kabla jua halijatoka mawinguni nilikuwa na hongwe wawili, wakubwa, wakikoroma sakafuni kama hongwe wanavyokoroma wakitolewa majini. Rungu nilikuwa nimelisahau. Halikuwepo bandani, na kwa kuwa sikuliona sikuliandika, na kwa kuwa sikuliandika sikulikumbuka. Niliwavunja miba kwa kisigino cha kiatu. Wa tatu nilimshika kwa mkono wa kulia ili nimtoe ndoana, akajipindua mara moja, na mwiba wa ubavu ukaingia katika kiganja chini ya kidole gumba. Sitaeleza maumivu yale. Nitasema tu kwamba nilipoweza tena kuona vizuri niliona mikoko inatembea, na ilinichukua muda kujua kwamba ninayetembea ni mimi. Kamba ya nanga ilikuwa imekatika. Maji yalikuwa yameanza kupwa na yalinivuta kwenda nje, kule ambako povu jeupe lilikuwa linapasuka juu ya mwamba.

Nilikamata makasia. Mkono wa kulia haukuwa na nguvu, lakini nilivuta, na kishwara cha kulia kikakatika. Nikavuta upande mmoja, mashua ikazunguka kama ng'ombe aliyefungwa, na kishwara cha kushoto kikakatika nacho. Nikavua mkanda wangu na kuufunga mahali pa kishwara, na nilipoinama kuufunga nikaona maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Sabuni ilikuwa imeyeyuka. Nilikuta kipande chake kikielea kando ya hongwe. Nilianza kutoa maji kwa kopo, kwa mkono wa kushoto, na kopo lilikuwa dogo, na kila nilipopumzika kidogo kupiga kasia maji yalirudi pale pale. Niliomba. Sikuomba vizuri, niliomba kama mtu anayemwita mwenzake aliye mbali. Nje kidogo ya mdomo wa mkono ule wa bahari kuna fungu la mchanga ambalo huanza kuonekana maji yakipwa. Sikulilenga. Mashua iliyojaa maji ililigusa, ikajiburuta, ikakaa.

Hapo, nikiwa nimeketi juu ya mchanga na mkono umevimba, nilifanya nilichokizoea. Nilichunguza. Kishwara cha kulia kilikuwa kimechakaa nje tu. Kwa ndani, upande usioonekana, nyuzi zilikuwa zimekatwa sawasawa, na zilizobaki ndizo zilizochanika. Cha kushoto kilikuwa hivyohivyo. Kamba ya nanga ilikatika mahali palipofungwa jiwe, nusu yake ikiwa imekatwa kwa kisu. Woga wangu uligeuka hasira papo hapo, na hasira ilikuwa nzuri kuliko woga. Nikatoa daftari mfukoni, na kwa mkono wa kushoto, kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza, nikaandika kila kifaa na hali yake. Chini nikaandika: nani aliitaka mashua hii akanyimwa? Halikuwa swali gumu.

Aliyenikuta alikuwa Athumani. Alikuja na mtumbwi wake kutoka kwenye mitego yake ya upande wa pili, akasimama majini akinitazama.

"Karani! Nani kakupa chombo cha kaka?"

"Hakuna aliyenipa."

Alitaka kusema neno, akauona mkono wangu, akaacha. "Panda," akasema. Alinibeba karibu mzimamzima akaniweka mtumbwini, akamwaga maji mashuani, akaivuta nyuma yetu kwa kamba. Njia nzima nilitazama mgongo wake ukienda mbele na nyuma, nikawaza kwamba huyu alitaka nife, au alitaka mtu fulani afe, na sasa anajifanya mwokozi.

Pwani ya kijiji palikuwa na watu wengi, ilikuwa saa ya kuuza samaki. Walipotuona mmoja alipiga kelele, "Jamani, mtu wa milimani kaenda kuvua hongwe, hongwe kamvua yeye!" Kicheko kikapita pwani nzima. Mwingine akauliza kama kanisani siku hizi wanabatiza na nguo. Nadhani wasingecheka ningetulia. Nilishuka, nikasema, "Chekeni, lakini sikilizeni kwanza," nikafungua daftari na kuwasomea. Vishwara viwili, vimekatwa kwa ndani. Kamba ya nanga, imekatwa. Pamba ya mkuku, imetolewa. Kicheko kikaisha. "Mtu aliyeitaka mashua hii na kunyimwa ni mmoja," nikasema. "Nilimsikia kwa masikio yangu, na siku niliyomsikia nimeiandika."

Wote waligeuka kumtazama Athumani. Yeye aliinama, akaokota kishwara kilichokatika, akakigeuza, akapitisha kidole gumba mahali palipokatwa. Alikishika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakirudisha mashuani taratibu.

"Sema, Athumani," mtu akamwambia.

"Sina la kusema."

"Kaka yako hajakauka kaburini!"

"Nimesema sina la kusema."

Maalim Sefu, aliyesalisha msikitini na kuamua mambo ya mirathi, aliitwa. Akaagiza watu wakutane baada ya sala ya alasiri kwenye baraza ya marehemu. Bi Saumu alinikanda mkono kwa maji ya moto bila kuniuliza neno, wala hakunitazama usoni. Hongwe wangu wawili aliwachukua. Sikuuliza kama walipikwa.

Alasiri baraza ilijaa hadi njiani. Mlango mkubwa wa nyumba ulikuwa nyuma yetu, umerudishwa tu. Maalim alinitaka nirudie, nikarudia, kwa mpangilio, neno kwa neno. Akamgeukia Athumani. "Ulikata wewe?" Kimya. "Unamjua aliyekata?" Kimya. "Basi apa kwamba si wewe, tuyamalize." Athumani alitazama mikono yake. "Siapi, Maalim." Nilisikia watu wakivuta pumzi. Nahodha wa jarife, ule wavu mkubwa unaovutwa na watu kumi na wawili, alisimama akasema kwamba yeye na watu wake hawatashika kamba moja na mtu wa namna hiyo, na kwa mvuvi mwenye mtumbwi mbovu ile ilikuwa sawa na kuambiwa ahame. Mwingine akasema aondolewe katika mirathi. Mwingine akasema apelekwe mjini, serikalini. Athumani aliyasikia yote, jasho likimtoka shingoni. Mimi niliona kila kitu kinakwenda kinavyopaswa. Nilikuwa nimeketi mbele, mkono umefungwa kitambaa, daftari mapajani.

Ndipo tukasikia ndani sauti ya Bi Saumu, "Mwanaidi! Mwanaidi, rudi, wewe!" na mlango ukafunguka. Ilikuwa siku ya tisini na tatu ya eda yake. Alisimama kizingitini mwa mlango wa mbele, katika mwanga wa jua, mbele ya wanaume wapatao arobaini, amejifunika kanga iliyopauka hadi kwenye nyusi, miguu mitupu. Wote waliinamisha macho chini, wengine wakafunika nyuso kwa mikono. Mimi sikujua adabu ile, au niliisahau. Nilimtazama. Alikuwa amekonda kiasi kwamba nisingemtambua njiani.

"Assalaam aleikum, Maalim," akasema. "Nimekata mimi."

Maalim aliitikia salamu bila kuinua macho.

"Nimekata kwa kisu cha jikoni. Pamba nimeitoa kwa msumari. Kata ya maji na rungu la marehemu viko chini ya kitanda changu, Saumu atawaonyesha. Nilimfanyia Athumani. Nilijua akija kukichukua chombo atashika kishwara kabla hajashika kasia, atapapasa mkuku, ataona, atajua nimemkataza, atarudi kwake. Mvuvi gani asingeona? Sikutaka mtu afe, Maalim. Nimekaa humo ndani, chombo cha wanangu kiko nje, sina mlinzi. Nilimwachia neno mtu anayeweza kulisoma." Akaivuta kanga karibu zaidi na macho. "Sikujua kama atakwenda asiyejua kutazama. Huyu mtoto aliaga anakwenda kanisani."

Hakunigeukia. Angenigeukia ningeweza labda kusema kitu. Alingoja, kama mtu aliyemaliza ushahidi anavyongoja kuambiwa ashuke, na Maalim akasema polepole, "Umetoka kwa haja, na haja yako ni kumwondolea mtu dhuluma. Mungu anaijua. Rudi ndani ukamilishe siku zako." Akarudi. Tulisikia komeo. Maalim akaniambia, "Karani, ulichokisema hadharani kifute hadharani." Nikasimama nikakifuta. Nilitumia maneno machache, na hata hayo machache sikuyapata kwa urahisi.

Yaliyofuata hayakufutika hivyo. Wanawake wa kijiji walibishana kama eda yake imeharibika, kama aanze kuhesabu upya, na ingawa Maalim alisema hapana, wengi waliacha kwenda kukaa naye. Siku thelathini na saba zilizobaki alizimaliza yeye na dada yake peke yao. Mimi, kwa kuwa alikuwa amesimama mbele yangu na nilikuwa nimemtazama, sikuweza tena kulala upande wa pili wa mkeka. Kesho yake nilihamia ghalani, nikalala juu ya magunia ya mbata hadi mwaka ulipokwisha. Athumani aliitengeneza mashua, akaipaka mafuta, akairudisha bandani, na hakuigusa tena mpaka binti wa Moa walipokuja na Maalim akagawa.

Lakini jioni ile ile, baada ya magharibi, nilikwenda kwake. Nilisimama uani nikapiga hodi, na nilitumaini hataitika. Alikuwa ameketi mkekani na sinia ya bada mbele yake, mkewe akichochea moto. Mkewe alinitazama, akaangalia pembeni.

"Shikamoo, Bwana Athumani. Nimekuja ku—"

"Marahaba. Kaa ule."

"Sistahili kula kwako."

"Nani kakuuliza kuhusu kustahili? Chakula kinapoa."

Niliketi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kama mguu wa tembo ndani ya kitambaa, na wa kushoto haupelekwi kwenye sinia ya watu. Nilikaa nimeshika magoti. Athumani aliona. Akamega tonge la bada, akalibonyeza, akalichovya mchuzi, akalipeleka hadi mdomoni kwangu kama anavyolishwa mgonjwa, na mimi, niliyemwita muuaji mbele ya kijiji kizima mchana ule, nilifungua mdomo. Alinilisha hivyo tonge baada ya tonge, akichambua miba ya samaki kwanza, bila haraka, akijilisha mwenyewe katikati. Mkewe aliacha kuchochea moto akatutazama.

Nilipoweza kusema nilimwuliza, "Ulijua? Pale pwani, uliposhika kishwara?"

"Nilijua. Kisu cha mvuvi hukata kwa kujivutia. Kile kilikatwa kwa kusukuma chini, kama mtu anayekata bamia."

"Watu wa jarife walikuwa wanakufukuza. Na ulikataa kuapa. Mbona hukuniambia hata kule mtumbwini, tukiwa wawili tu?"

Alimega tonge jingine, akalipuliza.

"Ungeandika," akasema.